Kupima machapisho ya mtafiti wa fizikia ya jua kwa ADS

Makosa mengi ya kupima kazi ya mtafiti hutokea kabla ya hesabu, kwenye orodha ya makala. Orodha ikiwa chafu, fahirisi zote zitakuwa chafu.

Kwa fizikia ya jua tumia ADS, hazina ya machapisho inayogharimiwa na NASA na kuendeshwa na Smithsonian Astrophysical Observatory. Ni bure. Google Scholar kwa kawaida hutoa namba kubwa zaidi kwa kuwa huokota hata tasnifu na ripoti. Usichanganye namba za huko na za ADS kwenye jedwali moja.

Tumchukue Eugene Parker wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyetabiri upepo wa jua (mkondo wa chembe zinazotoka kwenye jua) mwaka 1958. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika:

author:"Parker, E. N." year:1950-2022

Jina la ukoo hutangulia, kisha mkato, kisha herufi za kwanza. Ukiishia kwenye "Parker, E." utazoa akina Parker wengine. Hata ukiweka "E. N.", mfumo hukubali pia makala zilizosainiwa kwa "E." pekee, kwa hiyo pitia orodha kwa macho: jarida gani, taasisi gani, kaandika na nani. Ukitaka zile alizotangulia yeye kama mwandishi wa kwanza, weka alama ya ^ mbele ya jina, ndani ya alama za mtajo.

Kwa watafiti wa leo, namba ya ORCID, kitambulisho cha pekee cha kila mtafiti, husaidia sana, hasa kwa Wang, Y. au Zhang, J., ambao ni wengi mno. Lakini ORCID ilianza 2012 na si kila mtu aliyerudi nyuma kuunganisha makala zake za zamani. Tafuta kwa namba na kwa jina, ukiunganisha kwa OR, kisha chuja. Mtafiti wa Afrika Mashariki anayesaini kwa jina la baba huku na la babu kule atafutwe kwa kila umbo.

Sasa ongeza property:refereed, ili zibaki makala zilizopitiwa na wataalamu wenzake tu. Bila hiyo, ikisiri za mikutano kama ya AGU (chama cha wanajiofizikia cha Marekani) huvimbisha idadi ya makala na kushusha wastani wa kurejelewa, ingawa fahirisi h (idadi kubwa zaidi h ya makala ambazo kila moja imerejelewa angalau mara h) haisogei sana kwa kuwa ikisiri hazirejelewi mara nyingi.

Orodha ikishakuwa safi, fungua Explore, kisha Metrics. Fahirisi h, aliyoipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, unaweza kuihakiki kwa mkono: panga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi. Zikiwa 50, 30, 12, 7, 5, 4 na 1, h ni 5, maana ya tano ina 5 lakini ya sita ina 4 tu.

Hapa ndipo watu huteleza. Makala ya mwaka 2012 ya Lemen na wenzake, inayoeleza AIA, kifaa cha kupiga picha za jua kwenye SDO, chombo cha angani cha NASA, hurejelewa na karibu kila anayetumia picha zake, na ina waandishi zaidi ya 40. Kila mmoja wao hupata marejeleo yote kwenye jumla yake. Ndiyo maana usome pia mstari wa marejeleo yaliyogawanywa kwa idadi ya waandishi: makala iliyorejelewa mara 4,000 na watu 40 humpa kila mtu 100. Kwa Parker, aliyezoea kuandika peke yake, jumla hizo mbili hukaribiana, na hiyo yenyewe ni habari.

Kujirejelea nako kuna mtego. ADS huhesabu kuwa ya kujirejelea marejeleo yanayotoka kwenye makala zilizomo katika orodha uliyoipa. Ukiacha nusu ya makala zake nje, atatoka msafi kuliko alivyo.

Kuna pia sifa ambayo hesabu haioni. Wazo likishaingia kwenye vitabu vya kiada, watu hulitaja bila kurejelea chanzo. Jaribu:

full:"Parker spiral" -citations(bibcode:1958ApJ...128..664P)

Hapa full hutafuta ndani ya matini yote, na bibcode ni msimbo wa ADS wa makala ya Parker ya 1958. Utapata makala zinazoutaja mzingo wa Parker (umbo la kujizungusha la uga wa sumaku unaobebwa na upepo wa jua) bila kuiweka makala ya 1958 kwenye marejeleo. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoingia kwenye hesabu ya makala hiyo.