Nyumba ya Lamu ikivunjwa na wezi nawe uko ughaibuni

Ndugu zangu mlio Maskati, Jedda au London: ukipigiwa simu kwamba nyumba imevunjwa, usimwambie jirani afagie. Mwombe apige picha kila kitu kilivyo, kisha jamaa unayemwamini aende kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Asitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kwa nambari hiyo ndipo atapata abstrakti, ile hati ya polisi ya kuthibitisha umeripoti, na bila abstrakti utahangaika sana na bima au kubadilisha hati zilizoibwa.

Wakague na juu pia. Kwetu mtaa wa Langoni mapaa yamekaribiana, na mwizi wetu hakuugusa mlango wa nakshi, alishukia kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba.

Kilichoniumiza zaidi ni kukosa orodha. Polisi waliniuliza TV ni ya aina gani, nambari yake ngapi, nami niko mbali sina hata picha. Basi ukija likizo, au Maulidi, piga picha vitu vyote vya thamani na nambari zilizo nyuma yake, vito vya mama pia. Kwa simu, bonyeza *#06# upate IMEI, nambari ya kuitambulisha simu. Jitumie kwa barua pepe. Hati ya nyumba usiiache kabatini. Na funguo apewe mtu mmoja tu, anayejulikana na mtaa.