Motahomu inachemsha mlimani? Usikimbilie kununua pampu ya feni

Mwaka mmoja mwezi wa Julai tulikuwa tunatoka Bakersfield kuelekea Los Angeles, mimi na shemeji na watoto wanne nyuma, motahomu yake (gari kubwa lenye nyumba ndani) ya 2004, futi 40, injini ya dizeli lita 8.9 imekaa nyuma kama ya basi. Tukaanza kuupanda mlima wa Grapevine kwenye I-5, nje joto limezidi 100 Farenhaiti, na sindano ya temperecha nayo ikawa inapanda na sisi. 200, 210, 218, mpaka kengele ikalia. Karakana ya kwanza tuliyoipeleka hawakuwasha hata tochi, walisema pampu ya haidroliki, yaani ya kusukuma oili kwa presha, imekufa na mota ya feni ibadilishwe pamoja nayo, bei ya maelfu ya dola. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Ndo maana naandika hii, maana najua kuna ndugu zetu wengi huku Marekani wananunua haya magari yakiwa used na wakiambiwa neno haidroliki wanaishiwa nguvu wanatoa kadi ya benki.

Kwanza elewa inavyofanya kazi. Gari ya kawaida feni inazungushwa na mkanda au ni ya umeme. Kwenye motahomu ya dizeli ya nyuma rejeta mara nyingi iko ubavuni, mkanda haufiki, na feni yenyewe ni kubwa inataka nguvu nyingi. Kwa hiyo injini inazungusha pampu, pampu inavuta oili kwenye tenki lake inaisukuma kwa presha mpaka kwenye mota iliyo nyuma ya feni, halafu oili inapita kwenye kula (kipoza oili) na filta inarudi tenkini. Nyingi zina valvu ya umeme inayoamua feni izunguke kiasi gani, na kuna kiboksi kinachosoma senso ya joto la maji na senso ya joto la hewa inayosukumwa na tabo (turbo) kuingia kwenye injini, baada ya kupita intakula (kipoza hewa hiyo), ndo kinaiamuru hiyo valvu.

Sasa shika hapa, hapa ndo penye siri. Kwenye mifumo mingi ya aina hiyo umeme kwenye valvu unapunguza mwendo wa feni. Ukikata umeme feni inazunguka mpaka mwisho wake, waliitengeneza hivyo makusudi ili waya ukikatika injini isiungue. (Si zote. Kuna za zamani zenye valvu ya nta inayosikia joto la maji bila umeme wowote, na kuna za spidi mbili, kwa hiyo tafuta kitabu cha gari yako au soma kibati kilichopigwa kwenye valvu kabla hujagusa.)

Kabla ya kuingia chini, usalama, na hapa siombi, nasisitiza. Gari imekalia mipira ya hewa, ikitoka hewa bodi inashuka na watu wamekufa hivyo, weka stendi za uzito wa gari chini ya chesisi, jeki za kusawazishia gari usizitegemee. Usipapase hosi kwa mkono kutafuta inapovuja, oili ya presha inatoboa ngozi inaingia ndani, unaona kitobo kama cha sindano tu kumbe mkono unaoza, ikikutokea ni hospitali dakika hiyohiyo hata kama haiumi. Tumia kipande cha kadibodi. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Na nguo za kuning'inia weka mbali na feni, kwenye majaribio itawaka bila kukuonya.

Haya, anza na uchafu. Najua unataka kuanza na geji za presha lakini anza na uchafu, maana feni inaweza kuwa nzima inanguruma kama ndege na gari ikachemsha vilevile kwa sababu hewa haipiti. Uchafu unakaa upande hewa inapoingilia. Rejeta ikiwa ubavuni hewa kwa kawaida inavutwa kutoka nje, utauona. Rejeta ikiwa nyuma kabisa, feni inasukuma hewa kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa hiyo ukisimama nyuma ya gari unaona vipezi (vibati vyembamba vya rejeta) safi vinang'aa unasema rejeta haina neno, kumbe upande wa ndani kwenye intakula pamejaa. Bomba la kupumulia la injini linatema moshi wa oili, vumbi la matairi linaganda juu yake, linakuwa blanketi. Nyanyua kitanda cha chumbani, chini yake kuna mfuniko wa injini, ingiza tochi upande mmoja mtu mwingine achungulie upande wa pili. Mwanga usipopita umeshapata jibu moja. Pulizia sabuni ya kukata grisi, iache iloweke, suuza kwa maji ya bomba la bustani ukielekeza kinyume na njia ya hewa, rudia mpaka maji yatoke meupe. Mashine ya kuoshea kwa presha usiitumie karibu, inalaza vipezi. Ya shemeji tuliosha mara tano, maji ya kwanza yalikuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na humo ndani tulitoa majani makavu na kipande cha mfuko wa plastiki ukubwa wa kiganja.

Oili ya feni baada ya hapo. Angalia kimo kama kibati cha tenki kinavyosema, ya moto au ya baridi. Nyingine zinatumia ATF (oili ya gia za otomatiki), nyingine oili ya injini 15W-40, nyingine ya haidroliki yenyewe, usikisie na usichanganye. Ikiwa na povu, hewa inaingia upande wa kuvuta, kagua hosi nene inayotoka tenkini kwenda kwenye pampu, zikizeeka zinalainika na kujibana, na pampu inalia mluzi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikinuka kuungua basi imechemka sana, ibadilishe na filta yake. Filta hiyo watu wanaisahau miaka na miaka kwa sababu kwenye gari nyingi iko ndani ya tenki haionekani. Halafu jiulize, usukani nao umekuwa mzito? Gari nyingi usukani na feni vinakunywa tenki moja, kwa hiyo vikiugua pamoja tazama oili na pampu, feni ikiugua peke yake pampu haiwi mshukiwa wangu wa kwanza.

Sasa jaribio la plagi. Washa injini ikiwa baridi, feni inazunguka polepole, mtu mmoja ashike mizunguko ya injini kama 1500 kwa dakika kule mbele, wewe chomoa plagi ya valvu. Subiri sekunde chache. Ikinguruma, upande wa oili una nguvu, ugonjwa uko kwenye senso, waya au kiboksi. Isiponguruma, ni oili, valvu imekwama, pampu au mota. Sisi tulichomoa, feni ikapiga upepo mpaka majani chini ya gari yakaruka. Pale pale tukajua pampu haina kosa.

Tukafuata waya mpaka kwenye senso ya maji. Plagi yake ndani ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye pini, ile kutu ya shaba. Senso nyingi za hivi zikiwa baridi ukinzani wa umeme uko juu, zikipata joto unashuka, kutu ikaongeza ukinzani wake, kiboksi kikadhani maji ni ya baridi kikaendelea kuibana feni huku injini inaiva. Waya ungekatika kabisa kingeshtuka kikaachia feni yote, hii ya nusunusu ndo inadanganya. Tulisafisha kwa dawa ya umeme, tukapaka grisi ya plagi, tukapima kwa multimita (kipima umeme) huku injini inapata moto, namba zikashuka taratibu bila kurukaruka. Kwa hiyo usiangalie senso kwa macho tu, chomoa, chungulia ndani ya pini, pima, angalia fyuzi na waya wa ethi.

Kinyume chake, feni ikinguruma muda wote hata asubuhi injini baridi, mara nyingi ni fyuzi, waya au senso iliyokata. Itakula dizeli na nguvu lakini injini haitaungua, unaweza kufika nyumbani.

Jaribio la plagi likishindwa ndo unaleta geji. Tumia geji ya 5000 psi na hosi za daraja hilo, pima feni ikiwa imeachiwa yote, linganisha na kitabu. Presha ikiwa chini, fungua kwanza valvu ya kupunguzia presha, kijiti kidogo cha chuma kikiibana inabaki wazi na oili yote inarudi tenkini, kuisafisha ni kazi ya saa moja. Iko sawa? Angalia mota, kama ina hosi tatu ile nyembamba inarudisha oili iliyovuja ndani, ikinge kwenye ndoo dakika moja upime, ikizidi sana kipimo cha kitabu mota imelika. Pampu ndo ya mwisho. Na ikiwa kweli imekufa usifunge mpya kabla hujasafisha tenki, hosi na kula, vipande vya chuma vya ile ya zamani vitaiua mpya.

Ukikutwa mlimani kabla hujatengeneza, shusha gia. Pampu inazungushwa na injini, ukipanda kwa gia kubwa mizunguko 1400 feni inapata oili kidogo wakati ambapo unaihitaji zaidi, weka gia ya chini mizunguko ikae 2000 na zaidi kidogo, punguza mafuta, zima AC, washa hita. Ukisimama usizime ghafla, iache kwenye 1000 hivi maji yazunguke. Ila kama hosi imepasuka na oili ya feni imemwagika, zima hapohapo, pampu ikizunguka kavu haichukui muda, na usukani unaondoka nayo.

Baada ya kazi washa, acha iungurume taratibu, zungusha usukani kulia kushoto hewa itoke, ongeza oili, pita na kadibodi kwenye kila kiungo, kisha rudi kwenye mlima uleule. Sisi tulirudi Grapevine Agosti, saa nane mchana, gia ya nne. Sindano ilifika 201, tukaisikia feni nyuma ikipandisha sauti, ikarudi 196 ikakaa hapo mpaka juu.