Mahali pa Kuhifadhi Taarifa za Utambulisho wa Vifaa kwenye Linux

Fundi anayefunga Linux kwenye kompyuta zilizotumika, kama zile zinazojaa katika maabara za shule hapa Moshi, hukutana mapema na kifaa ambacho mfumo unakitaja kwa namba tupu. Kabla hajagusa faili lolote, atenganishe namba ambayo kifaa hujitambulisha nayo, orodha inayoipa namba hiyo jina, na marekebisho ya mashine husika.

Namba haihitaji kuhifadhiwa kwenye diski, kwa kuwa kifaa hujitaja chenyewe na kiini cha mfumo huionyesha chini ya /sys kila mashine inapowaka. Isome kwa amri ya lspci -nn kwa vifaa vya PCI, vilivyofungwa ndani ya kompyuta, au lsusb kwa vifaa vya USB. Sehemu yake ya kwanza humtaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10de ni NVIDIA.

Ubishi uko kwenye orodha ya majina. Debian na Ubuntu huweka pci.ids, faili la majina ya vifaa vya PCI, ndani ya /usr/share/misc, ilhali Fedora huiweka ndani ya /usr/share/hwdata, lakini pande zote mbili zinakubaliana juu ya /usr/share, ambako hukaa data ya kusomwa tu, isiyotegemea aina ya prosesa. Wapo wanaotaka ihamie /var, saraka ya data inayobadilika, kwa sababu husasishwa mara kwa mara. Hoja hiyo siikubali: kusasishwa na kifurushi si sawa na kuandikwa na programu inapofanya kazi, la sivyo hata programu zenyewe zingehamia /var.

Marekebisho yako yakae /etc, saraka ya mipangilio ya mashine husika. Niliwahi kuongeza jina la modemu kwa kuhariri faili la /usr/share, na sasisho lililofuata likalifuta kimyakimya. Siku hizi, kwa vifaa vya USB, naunda /etc/udev/hwdb.d/90-maabara.hwdb na kuandika hivi, herufi za namba zikiwa kubwa na mstari wa pili ukianza na nafasi moja:

usb:v12D1p1001*
 ID_MODEL_FROM_DATABASE=Modemu ya maabara

Kisha endesha sudo systemd-hwdb update, ambayo huunganisha faili za /usr/lib/udev/hwdb.d na zako kuwa faili moja, hwdb.bin, ambamo lsusb ya matoleo ya sasa husoma majina.

Ukitaka jina hilo kwenye kompyuta nyingine za maabara, nakili faili la maandishi peke yake na uendeshe amri hiyo kwenye kila mashine, kwa sababu hwdb.bin hubeba orodha nzima ya mashine ilikotengenezwa, ikiwa ya zamani au mpya.