Kumpokea punda aliyestaafu mkokoteni

Swali la kwanza kumuuliza mwenye punda si umri. Muulize: huyu alikuwa akifungwa nira na nani? Punda wawili waliovuta mkokoteni mmoja wa maji kwa miaka hawatenganishwi. Ukimchukua mmoja, atasimama pembeni mwa zizi, masikio yamelala, nyasi ziko mbele yake na hagusi. Punda asipokula siku mbili tatu, hasa aliyenona, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu mpaka ini linashindwa kazi. Kifo hicho huja kimyakimya: mavi machache, makavu, yenye utelezi juu yake, basi. Wapokee wote wawili au waache wote. Na mmoja akifa baadaye, mwache mwenzake aunuse mzoga mpaka aondoke mwenyewe, vinginevyo atazunguka siku nzima akimtafuta.

Shirika la kutetea wanyama likikupa punda, soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Mkataba mzuri unasema punda hauzwi, harudishwi kwenye mkokoteni, na ukishindwa kumtunza unamrudisha hapohapo. Kipengele cha kutouza ni cha lazima. Biashara ya ngozi imemaliza punda sehemu nyingi, ndiyo maana Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Akitoka wilaya nyingine, tuseme Kwimba au Magu, chukua kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo. Mwombe pia amtazame meno: punda anayedondosha mafundo ya nyasi zilizotafunwa nusu ana jino bovu au lenye ncha kali, na huyo atakonda hata ukimlisha vipi.

Safirisha alfajiri. Rudisha gari nyuma hadi kwenye tuta ili apande bila kurukishwa, na mwaga mchanga sakafuni asiteleze.

Kama unakaa kando ya Ziwa Victoria, adui ni unyevu. Punda ni mnyama wa nchi kavu, manyoya yake hayazuii mvua, na kwato zake hunyonya maji zikalainika na kuoza. Udongo mweusi wa mbuga ndio mbaya kuliko wote. Chagua mwinuko wenye mawe, jaza changarawe, ezeka bati. Mita 3 kwa 3 zinawatosha wawili, mradi wawe huru kutoka na kuingia. Usimfunge kamba mguuni. Nyingi ya alama zile nyeupe juu ya kwato zilianza hivyo.

Chakula ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Punda wa kilo 130 anahitaji takriban kilo 2 hadi 3 za nyasi kavu kwa siku, na nyasi zilizokauka za ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa kiangazi, zinamfaa kuliko majani mabichi. Huruma ya kumjazia pumba na mahindi ndiyo inayomnonesha, kisha ikamuua kwa ugonjwa ule wa ini. Mahindi au mabua yenye ukungu usimpe kabisa: sumu yake huozesha ubongo wa punda. Chakula cha kuku nacho kaa nacho mbali, maana baadhi huchanganywa monensini, dawa ambayo kuku huivumilia lakini huua moyo wa punda. Vilevile dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi isimguse. Inafunga utumbo. Soma kibandiko cha chupa kila mara, hata kama jirani anaogeshea ng'ombe wake wote kwa dawa hiyohiyo.

Vidonda vya nira begani vioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, asubuhi na jioni. Usimpake oili chafu wala maji ya betri: huunguza nyama inayoota, kidonda kikarudi nyuma wiki nzima. Mwombe daktari wa mifugo chanjo ya pepopunda, kwani punda huugua pepopunda hata kwa tundu dogo la msumari kwenye kwato.

Kwato zenyewe zipunguzwe kila baada ya wiki 6 hadi 10. Zilizorefuka miaka mingi zisirekebishwe siku moja: kata kidogo, subiri wiki kadhaa, kata tena, ili mishipa ya miguu izoee kusimama upya.