Kodi ya Mauzo ya Nyumba na Viwanja Mombasa: Namna ya Kulipima Pendekezo na Kuandika Maoni Yako

Wazo la mji kujitwalia sehemu ya bei kila nyumba au kiwanja kinapouzwa huonekana jepesi likiwa bado mezani, kwa sababu mauzo yameandikwa, bei inajulikana, na anayeuza ana fedha mkononi siku hiyo. Mombasa, kaunti yenye eneo dogo na watu 1,208,333 kwa hesabu ya sensa ya 2019, ina haki ya kutafuta mapato yake yenyewe badala ya kungoja mgao wa serikali kuu peke yake. Mwongozo huu umeandikiwa mkaazi, awe mwenye nyumba, mrithi au mpangaji, anayetaka kulipima pendekezo la aina hiyo kabla halijawa sheria, kisha aandike maoni ambayo kamati ya Bunge la Kaunti itaona vigumu kuyapita. Sikusudii kukuambia ukubali au ukatae. Ninalosisitiza ni kwamba asilimia inayotajwa haikuambii mengi mpaka ujue jinsi watu wa hapa wanavyomiliki nyumba zao.

Anza na mamlaka

Swali la kwanza ni nani aliyeipa kaunti ruhusa. Ibara ya 209 ya Katiba ya 2010 imeiachia serikali ya kitaifa kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti imepewa kodi ya mali, yaani ile ya kila mwaka ambayo wengi tunaiita reti, pamoja na kodi ya burudani na kodi nyingine yoyote iliyoidhinishwa na Sheria ya Bunge. Reti hutozwa mtu kwa sababu anamiliki, ilhali kodi ya mauzo hutozwa kwa sababu mali imetoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa hivyo ni vigumu kuiingiza chini ya jina la reti, na mwenye pendekezo anapaswa kuonyesha ni Sheria gani ya Bunge inayoiruhusu. Ukisoma mswada, tafuta kifungu kinachotaja sheria hiyo. Usipokiona, hiyo iwe hoja yako ya kwanza, kwa kuwa Ibara ya 210 inakataza kodi yoyote kutozwa bila msingi wa sheria.

Kuwa macho na neno "ada". Ibara ya 209 inairuhusu kaunti kutoza malipo kwa huduma inazotoa, na si vigumu kodi ikavishwa jina la ada ili ipite kwa urahisi. Malipo ya cheti cha kuthibitisha kwamba reti zimelipwa, ambacho huhitajika kabla ya ardhi kuhamishwa, ni ada halisi, maana kuna karani aliyeitafuta rekodi na kuandika cheti. Lakini kazi ya karani huyo ni ile ile kwa nyumba ya milioni mbili na kwa nyumba ya milioni mia moja. Malipo yanayopanda kadiri bei inavyopanda yameshaacha kuwa bei ya huduma, na inafaa uyaite kodi katika maandishi yako hata kama mswada unayaita vingine.

Hesabu kinacholipwa tayari

Mauzo ya mali hayaanzi kutozwa leo. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya mijini na asilimia 2 mashambani, na fedha hizo huenda kwa serikali ya kitaifa. Muuzaji naye anaweza kudaiwa kodi ya faida ya mtaji, iliyorejeshwa Januari 2015 kwa asilimia 5 na kupandishwa hadi asilimia 15 kuanzia Januari 2023. Hii ya pili hutozwa faida tu, na nyumba ambayo mwenyewe ameishi kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa.

Chukua kalamu ufanye mfano. Mtu alinunua nyumba ya kupangisha Bamburi kwa shilingi 5,000,000, akalipa ushuru wa stempu wa 200,000, na sasa anaiuza kwa 8,000,000. Mnunuzi atalipa ushuru wa stempu wa 320,000. Muuzaji, akiondoa gharama hiyo ya mwanzo, ana faida ya 2,800,000, na asilimia 15 yake ni 420,000. Jumla ni 740,000 kabla ya kuwalipa mawakili na mthamini. Kaunti ikiongeza asilimia 2 ya bei, ambayo ni 160,000, jumla inafika 900,000.

Sasa badilisha mfano huo huo: tuseme muuzaji aliinunua kwa 8,500,000 na ameuza kwa 8,000,000 kwa sababu ya ugonjwa au deni la benki. Hana faida, hivyo hana kodi ya faida, lakini ile 160,000 ya kaunti iko pale pale, kwa sababu inapima bei bila kuangalia kama mtu amepata au amepoteza. Tofauti hii ndiyo ambayo wengi huikosa wanaposikia "asilimia mbili tu". Katika maoni yako, weka hesabu zote mbili, ukitumia bei za mtaa wako mwenyewe.

Nyumba bila ardhi, na nyumba ya urithi

Hapa ndipo Mombasa inapoachana na miji mingine, na hapa ndipo ninapokuomba utumie sehemu kubwa ya waraka wako.

Majengo, Kisauni, Likoni na mitaa mingine mingi ina watu wanaomiliki nyumba bila kumiliki ardhi. Nyumba ni ya mtu, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kukaa hapo. Mizizi ya jambo hili ni ya zamani: Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wa maili kumi wayawasilishe yaandikishwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliojua utaratibu waliandikisha. Familia nyingi zisizojua ziliamka siku moja zikakuta zinaishi juu ya ardhi ya wengine. Hadi leo nyumba za namna hiyo huuzwa kwa hati ya makubaliano iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi, bila hatimiliki ya kiwanja kubadilishwa jina.

Soma basi tafsiri ya neno "mali" katika kifungu cha ufafanuzi cha mswada, na ujiulize kama nyumba hizo zimo. Zikiwa zimo, kaunti itayajuaje mauzo ambayo hayapiti katika msajili wa ardhi? Atakayenaswa ni yule aliyeandika makubaliano yake vizuri kwa wakili, na aliyeuza kwa mdomo chini ya mwembe atapita. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ninahofia sheria itakayowafanya maskini waliogope daftari. Kama hazimo, mswada useme hivyo kwa maneno yaliyo wazi, usiache jambo hilo kwa hisani ya afisa atakayekuwa dirishani.

Liangalie pia kwa upande wa mwenye ardhi. Akiuza kiwanja chenye nyumba ishirini za watu wengine juu yake, thamani itakayotozwa kodi ni ya ardhi tupu au ni ya ardhi pamoja na majengo ambayo hakuyajenga yeye? Na mnunuzi aliyelipa bei iliyopandishwa na kodi, je, hatairudisha gharama hiyo kwa wenye nyumba kwa kuongeza malipo ya kukaa kiwanjani? Haya si maswali ya kubuni, na mwakilishi wa wadi ambaye ana nyumba za aina hiyo katika eneo lake anapaswa kuyajibu hadharani.

Kisha kuna urithi. Katika familia za Kiislamu mafungu yanajulikana: mjane mwenye watoto ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, na mtoto wa kiume ana sehemu mbili za mtoto wa kike. Nyumba moja ya vyumba sita haigawanyiki hivyo, kwa hiyo mara nyingi huuzwa ili kila mtu apewe haki yake. Nyumba ya 4,000,000 humpa mjane 500,000. Ikikatwa asilimia 2 kwanza, anapata 490,000. Kumi elfu si fedha nyingi kwa mfanyabiashara, lakini kwa mama aliyetoka eda na anayetafuta chumba cha kupanga ni fedha za pango. Vile vile, mrithi mmoja akiwalipa ndugu zake mafungu yao ili nyumba ya wazazi isitoke nje, je, huo ni uuzaji? Pendekeza kifungu cha msamaha kinachotaja mambo haya kwa jina: mgawanyo wa urithi, ununuzi wa fungu kati ya warithi, na uhamisho kati ya mume na mke, ikiwemo baada ya talaka. Pendekeza pia uthibitisho utakaokubaliwa, kama vile hati ya Mahakama ya Kadhi au ya Mahakama Kuu, kwa sababu msamaha usio na utaratibu humwacha mtu akizunguka ofisi kwa ofisi.

Athari kwa soko

Mji wa Toronto nchini Kanada ulianza kutoza kodi yake ya uhamisho wa ardhi Februari 2008, juu ya ile ya mkoa iliyokuwapo. Wachumi waliolinganisha mauzo ya pande mbili za mpaka wa mji walikuta kwamba kodi hiyo, iliyokuwa takriban asilimia 1.1 ya bei, ilipunguza idadi ya mauzo ya nyumba kwa karibu asilimia 15, na bei nazo zikashuka kwa kiasi kinachokaribia kodi yenyewe. Watu waliahirisha kuhama. Sisi mpaka wetu ni daraja la Mtwapa: upande wa pili ni Kaunti ya Kilifi, na anayetafuta kiwanja anaweza kuvuka kwa matatu moja. Likoni nayo inapakana na Kwale. Ukiwa na mfano wa mtu aliyechagua Mtwapa badala ya Shanzu kwa sababu ya bei, uandike, bila kumtaja jina.

Los Angeles ilichukua njia nyingine. Kodi iliyopitishwa na wapiga kura wake Novemba 2022 na kuanza Aprili 2023 iliwekewa kima cha chini: ilianza kwa mali inayouzwa zaidi ya dola milioni 5, kwa asilimia 4, na ikawa asilimia 5.5 kuanzia dola milioni 10. Fedha zake zilitengewa makazi nafuu na kuwasaidia walio katika hatari ya kukosa makao. Kama wewe hupingi kodi yenyewe, kupendekeza kima cha chini kitakachoziacha nje nyumba za kawaida ni hoja yenye nguvu kuliko kusema "tunakubali" peke yake.

Kuhusu matumizi, neno moja tu. Chini ya Ibara ya 207, mapato ya kaunti huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, na humo shilingi ya nyumba haijulikani na shilingi ya maegesho. Ahadi ya mitaro au maji isiyoandikwa katika sheria haimfungi mtu.

Kuandika na kuwasilisha

Kalenda ni muhimu kuliko ufasaha. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na Mswada wa Fedha wenye kodi na ada mpya hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi. Mwezi wa Februari ndio wa kuanza kuuliza, kwa kuwa wazo huonekana kwanza katika mkakati. Ukitaka takwimu, kama vile idadi ya vyeti vya reti vilivyotolewa kwa ajili ya uhamisho kwa mwaka, andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi linaweza kuwa kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kukujibu.

Waraka wako usizidi kurasa mbili au tatu. Uelekeze kwa Karani wa Bunge la Kaunti, utaje jina la mswada na nambari ya kifungu katika kila hoja, na chini ya kila hoja uandike maneno mbadala unayotaka yawekwe. Nimekaa katika vikao vya maoni ambako watu walisema kwa uchungu mkubwa na kwa haki, lakini karani aliandika mstari mmoja tu: "wananchi walilalamika." Kifungu mbadala hakifupishiki hivyo. Mkiwa wengi mtaani, tieni sahihi waraka mmoja, kisha mmoja wenu asimame kikaoni ausome na wengine wasimulie hali zao.

Peleka nakala mbili, na urudi na moja iliyopigwa muhuri wa kupokewa na kuandikwa tarehe. Ripoti ya kamati ikitoka, itafute hoja yako humo na uone kama imejibiwa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Siku ambayo jambo kama hilo litafika mahakamani hapa Mombasa, nakala yenye muhuri ndiyo itakayoonyesha kwamba ulisema, ulisema nini, na ulisema lini.