Kununua chenso ya kwanza Mwanza: pesa ya kawaida, kazi mchanganyiko

Shemeji yangu ana mikaratusi yake Magu na alitaka msumeno mmoja wa mnyororo wa kila kazi: kuangusha mti wa wastani, kukata kuni, kupunguza matawi ya miembe. Nimezunguka naye maduka ya mjini, na maswali aliyoniuliza ni yale yale ninayoulizwa mara kwa mara. Nayaweka hapa kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Kazi kwanza

Kwa kazi hizo, injini ya cc 40 hadi 50 na baa (ule upanga wa chuma unaozungukwa na cheni) ya inchi 16 inatosha. Kupasua magogo ya mbao za mitumbwi ni kazi ya cc 70 kwenda juu, na hiyo ni bajeti nyingine kabisa. Usiuziwe baa ya inchi 22 kwenye injini ndogo. Itaelemewa.

Hatua ya 2: Muone muuza spea kabla ya muuza mashine

Uliza bei na upatikanaji wa kabureta, plagi, kamba ya stata na klachi. Kama pesa inafika, mimi nachagua Stihl MS 250, yenye cc 45.4, kutoka kwa wakala anayetoa risiti. Namba iliyogongwa kwenye bodi iwe ile ile ya kwenye karatasi, maana feki zenye rangi ile ile ni nyingi. Kama haifiki, chukua ya Kichina ya aina ya 5200, mradi spea zake umeziona kwa macho yako. Namba ya kwenye kava isikuaminishe cc. Chenso kuukuu iliyokwisha kupasua mbao usiiguse, hata iwe bei ya kutupa.

Hatua ya 3: Cheni, baa na sproketi

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima kwenda na kurudi, na hapa nakusihi uwe mbishi. Muuzaji atakwambia, "Hii ni ya inchi 16, itaingia tu." Inchi ni urefu wa baa. Cheni yenyewe ina vipimo vitatu.

Cha kwanza ni pichi. Pima kwa rula kutoka katikati ya ribiti (vile vipini vinavyounga cheni) ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu; pichi ni nusu ya urefu huo, na huandikwa kwa inchi. Ukipata kama mm 16.5, hiyo ni .325. Ukipata mm 19, ni 3/8. Kwa macho tu zinafanana. Pichi lazima ikubaliane na sproketi, lile gurudumu dogo lenye meno kwenye klachi, pamoja na ncha ya baa kama ina gurudumu. Zikitofautiana, cheni inapanda juu ya meno na kuyatafuna.

Cha pili ni geji, yaani unene wa vile vilimi vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa baa. Za Kichina nyingi ni mm 1.5, na MS 250 kwa kawaida ni mm 1.6. Cheni ya 1.6 haiingii kwenye mfereji wa 1.5, kwa hiyo utajua papo hapo. Balaa ni kinyume chake: ya 1.5 inaingia vizuri kwenye 1.6, unaondoka nayo, halafu ndani ya gogo inalala upande na kukata kona. Utanoa weee, haitanyooka, kwa sababu tatizo si makali. Ishike kwa vidole juu ya baa uitikise kushoto kulia. Icheze kidogo sana.

Cha tatu ni idadi ya vilimi. Tia alama ya wino pa kuanzia, hesabu kimoja kimoja. Vikipungua, cheni haifiki. Vikizidi, skrubu ya kukazia inafika mwisho na cheni bado inaning'inia.

Vipimo hivi mara nyingi vimegongwa kwenye mkia wa baa, chini ya kava ya klachi. Omba nati zifunguliwe usome, upige picha kwa simu. Wakikataa, nenda duka la pili. Na kama cheni imekatwa kwenye roli na kuungwa pale dukani, ikunje pale kwenye kiungo: kijikunje kwa wepesi ule ule kama vingine. Kikigoma, ribiti imebanwa mno.

Hatua ya 4: Iwashe pale pale

Ikiwa silensa, yaani injini inanguruma taratibu bila kuongezwa moto, cheni isimame yenyewe. Elekeza ncha ya baa kwenye karatasi na uongeze moto kidogo: mstari wa oili uonekane. Jaribu breki ya mkono.

Hatua ya 5: Mafuta

Fuata kitabu cha mashine. Stihl kwa oili yake ni 50:1, sawa na ml 20 kwa lita ya petroli. Za Kichina nyingi ni 25:1, ml 40. Tumia kikombe cha kupimia, usikadirie kwa kifuniko cha chupa.

Hatua ya 6: Kinachobaki mfukoni

Kabla hujalipa mashine, tenga pesa ya miwani, kofia, buti ngumu, cheni ya akiba na tupa ya duara: mm 4.8 kwa .325. Kwetu mchanga na vumbi la mawe hukaa kwenye maganda ya shina chini, kwa hiyo paparue kwa panga kabla ya kukata, na usiache ncha iguse ardhi. Pitia pia ofisi ya misitu ya wilaya uulize utaratibu wa vibali vya kuvuna na kusafirisha, kabla gogo halijapanda gari.