Grainda ya kahawa ya mkono inasaga chenga na vumbi kwa pamoja? Ifungue kabla hujaitupa

Wadau wa kahawa, leo nataka niongelee hii grainda ya mkono ya kawaida kabisa, ile yenye kopo la kioo chini, bakuli la plastiki juu la kumwagia punje, mkono wa chuma wa kuzungusha na ndani meno ya seramiki. Yangu niliikuta soko la Karume, Dar, kwa jamaa wa mitumba, kaipanga katikati ya pasi na birika la umeme, mkono umepinda, na mwenyewe hajui hata ni ya nini, ananiambia "hiyo ya kusagia pilipili manga bosi". Nikalipa nikasepa kabla hajabadili mawazo.

Nimefika home nimesaga kijiko kimoja cha kahawa ya Kilimanjaro, nikapata vitu viwili kwenye kopo moja: chenga kubwa kama nusu punje, na katikati yake vumbi laini kama poda ya mtoto. Kahawa yenyewe ukiinywa ni chungu halafu nyuma yake kuna ukakasi wa kitu kibichi, maana vumbi limeshatoa kila kitu mpaka uchungu wake, na chenga bado hata haijaanza kutoa ladha. Hapo wengi wanasema meno yameisha, tupa nunua nyingine. Meno ya seramiki hayaishi kirahisi hivyo, yanaweza kumeguka ndio, ila kuisha inachukua miaka. Mara nyingi kinachosumbua ni shafti, ile fimbo ya katikati inayozungusha meno, kucheza, na shafti inayocheza inatengenezeka.

Vifaa sio vingi. Bisibisi, koleo dogo au spana ya nati ya juu, mswaki wa zamani, karatasi nyeupe, kalamu ya maka, na simu ya kupiga picha. Simu usiidharau. Kila ukitoa kitu piga picha, maana kuna springi na washa ndani ambazo ukishazichanganya utakaa na grainda yako kwenye mfuko wa rambo mwezi mzima.

Anza juu, fungua nati inayoshika mkono, toa mkono. Kisha pindua grainda kichwa chini, utaona nati ya plastiki yenye mbavu mbavu, hiyo ndio ya kurekebisha usagaji. Izungushe kushoto mpaka itoke kabisa. Inafuata koni ya ndani, yale meno yanayozunguka, ivute taratibu, nyuma yake kuna springi, nyuma ya springi kuna washa moja au mbili. Shafti utaisukuma itokee upande mmoja, inategemea aina. Pete ya nje ya seramiki kwa yangu mimi imekaa kwenye kishikio chake cha plastiki, nyingine zinatoka kwa kuzungusha kidogo, nyingine zina skrubu tatu, usilazimishe na bisibisi maana seramiki ikibanwa upande mmoja inapasuka kama sahani.

Sasa angalia meno kwenye mwanga wa dirisha, sio taa ya ndani. Mimi nilikuta kijiwe. Kijiwe cheusi cha ukubwa wa kiini cha ndimu, kimejibana kati ya mikato miwili ya koni, na pembeni yake pamemeguka kipande kama ukucha wa mtoto. Hizi kahawa zetu zinazoanikwa chini zinakuja na vijiwe, nyie mnaochagua mchele mnaelewa, basi na kahawa ichaguliwe hivyo hivyo, imwage kwenye sinia kabla ya kusaga. Kumeguka kadogo kama kale hakuna shida, ile grainda inasaga mpaka leo. Ikimeguka mikato mitatu minne mfululizo hapo kweli tafuta meno mapya.

Kusafisha. Seramiki unaweza kuosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, tumia mswaki, suuza, acha ikauke kabisa hata siku nzima. Kama yako ina meno ya chuma USIOSHE kwa maji, piga mswaki mkavu na kitambaa basi, kutu ikishaingia kwenye ncha za meno ukali umeondoka. Watu wanashauriana kusaga mchele mbichi eti unasafisha. Mi sikubaliani, mchele ni mgumu kuliko punje iliyokaangwa na unaacha unga wake ndani. Kinachotakiwa kutoka ni mafuta, hasa kama unatumia kahawa iliyokaangwa mpaka nyeusi inayong'aa, yale mafuta yanabaki kwenye plastiki yanachacha, na utajua kwa kunusa, inanuka kama karanga za zamani. Ukisaga kahawa ya bei mbaya juu ya mafuta yaliyochacha umejidhulumu mwenyewe.

Haya tuje kwenye shafti sasa. Rudisha vitu vyote bila kahawa, kaza nati ya chini kulia mpaka meno yaanze kugusana kidogo tu, usikaze sana, halafu zungusha mkono pole pole na uweke sikio karibu. Grainda isiyo na shida inatoa mlio mmoja mwembamba mzunguko wote. Yangu ilikuwa inasema shwiii... kimya... shwiii... kimya. Maana yake koni inagusa upande mmoja na upande wa pili kuna nafasi, na kwenye ile nafasi ndiko chenga zinakopitia zikicheka, wakati upande mwingine unatengeneza vumbi. Kama sikio halitoshi paka maka ukingo wa pete ya nje mzunguko mzima, zungusha tena mara tano sita, fungua. Rangi ikifutika upande mmoja tu jibu umepata.

Sababu iko wazi ukiishika mkononi. Koni imening'inia chini ya shafti, na shafti imeshikwa na bushi (kibomba inamopita) moja tu fupi ya plastiki, yangu ilikuwa na urefu wa milimita 8 hivi. Kitu kirefu kimeshikwa sehemu moja fupi lazima kiyumbe, na kadiri unavyolegeza nati ili kusaga chenga ndivyo kinavyoyumba zaidi. Ndio maana hizi grainda zinasaga laini vizuri tu, ila ukitaka chenga za frenchi presi, lile jagi lenye chujio la kukandamiza, zinakuaibisha.

Suluhisho la haraka ni kukata kipande cha chupa ya soda ya plastiki, upana sawa na urefu wa bushi, ukizungushe ndani ya tundu la bushi halafu upitishe shafti. Ikipita kwa kusukumwa kidogo na kidole hapo hapo acha. Ikigoma punguza mzunguko, ikiwa bado inacheza ongeza mzunguko mmoja. Hii ilinikaa kama miezi miwili. Watu wengine wanazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, mi siipendi kwa sababu inachanika vipande vipande na bushi iko juu ya meno, kwa hiyo vile vipande vinaenda wapi? Kwenye kikombe chako.

Suluhisho la kudumu ni bushi mpya ndefu. Nilienda mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa fundi wa kukereza, nikabeba shafti na bodi yote, usiende na vipimo vya kichwani, nikamwambia nataka bushi ya nailoni nyeupe, nje iingie kwenye tundu la zamani, ndani ipite shafti, ila urefu uwe milimita 25 itokeze juu kwenye bakuli. Alianza kunishauri shaba. Nikamkatalia, shaba ya kukereza nyingi huwa imechanganywa na risasi kidogo ili ikatike vizuri, sitaki iwe inasuguana juu ya kahawa ninayokunywa. Akakereza ya nailoni dakika kumi, imebana safi kabisa, shafti haina hata unywele wa kucheza, nikarudi home mfalme.

Kesho yake nikaiosha. Jioni mkono hauzunguki! Nailoni inanyonya maji na kuvimba, na mimi nilitaka ibane sana tangu mwanzo, halafu na unyevu huu wa Dar. Ikabidi nichukue msasa laini, niuzungushie kwenye kijiti, nipanue tundu kidogo kidogo huku najaribisha. Kwa hiyo wewe mwambie fundi aache nafasi ndogo, shafti ipite yenyewe kwa uzito wake lakini ukiitikisa isigonge. Na kama shafti yako ni ya milimita 6 na bodi ina nafasi, unaweza kuweka beringi ndogo namba 626, ndani milimita 6, nje 19, unene 6. Chukua zenye mfuniko wa mpira pembeni, zinaandikwa 2RS, za mfuniko wa bati vumbi la kahawa linaingia.

Baada ya bushi rudia ile ya sikio. Kama bado kuna kimya kidogo upande mmoja basi ni pete ya nje imekaa upande. Hapo kata kipande cha foili ya jikoni, weka chini ya pete upande ule ambao maka haikufutika, jaribu, ongeza kipande cha pili kama bado. Foili ni nyembamba kuliko unywele kwa hiyo vipande viwili vitatu ni kawaida. Hii kazi inakera, mi ilinila jumamosi nzima, ila fanya mara moja tu.

Kisha tafuta sifuri yako. Kaza nati mpaka meno yaguse, hapo ni sifuri, halafu legeza ukihesabu tik, tik, tik. Kwa yangu mokapoti (kile kibirika cha kupikia kahawa kwenye jiko) ni tik 5, ya kuchuja kwa karatasi 8, frenchi presi 12. Kahawa chungu ya kwenye dele napeleka tik 3, unasaga mpaka mkono unaota misuli, wazee wa kinu na mchi walikuwa na kifua jamani. Yako itakuwa na namba zake, andika kwa maka chini ya kopo usije ukasahau. Kabla ya bushi ile tik 12 ilikuwa haina maana yoyote, sasa hivi ukimwaga kijiko kwenye karatasi nyeupe ukitandaza na kidole unaona chenga zinafanana kama chumvi ya mawe iliyochekechwa. Vumbi bado lipo kidogo, lisipokuwepo hiyo sio grainda ya mtumba tena.

Umeme tuli nao. Unga unaruka unang'ang'ania kopo na vidole. Lowesha kidole, kichovye kwenye zile punje ukoroge kabla ya kusaga, matone mawili matatu tu yanatosha kwa gramu 20. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon kule Marekani walichapisha kazi yao kuhusu hii hii, maji kidogo kwenye punje yanapunguza chaji wakati wa kusaga. Ila kwa meno ya chuma usizidishe.

Sasa mbwembwe, kufunga drili. Ukitoa mkono kichwa cha shafti kinabaki na pembe, kama ni sita tafuta soketi inayoingia, funga kwenye drili ya betri. Gia namba 1, speed ndogo kabisa, kama mizunguko miwili kwa sekunde, seramiki haitaki papara. Mwelekeo wa mbele, kulia, ukiweka rivasi utafungua nati ya chini na koni itadondokea kwenye kopo. Na hii ndio muhimu kuliko zote: ile pete yenye namba pale mbele ya drili iweke chini, anza na 4 au 5, panda mpaka ianze kusaga bila kukatakata. Kijiwe kikiingia drili itasema krrrr na kuachia yenyewe. Ukiweka kwenye alama ya kutoboa itaendelea kusukuma na meno ndio yatapasuka. Shika kopo kwa nguvu, drili isimame wima, ukiilaza unaipindisha shafti na kazi yote ya bushi umeiua. Juu funika na mfuniko wa chombo cha siagi ya karanga uliotobolewa katikati, la sivyo punje za mwisho zinaruka kama bisi.

Wenye grainda za umeme kwa kifupi tu. Chomoa kwanza. Kama inatoa cheche na harufu na nguvu imepungua, angalia kaboni za mota, vile vipande vyeusi vinavyoisha kwa kusuguana, zikibaki fupi nunua za drili zinazokaribiana, zisugue kwenye msasa mpaka zipite kwenye nyumba yake bila kubana. Na kama imetoka Marekani soma kibandiko chini KABLA ya kuchomeka. Shemeji alileta moja nzuri mno, imeandikwa 120V, mimi na furaha zangu nikabadilisha plagi tu nikaichomeka kwenye 230 ya ukutani. Ilizunguka kwa sauti ya ajabu sekunde tatu hivi halafu moshi. Ile inataka transfoma ya kushusha umeme, yenye wati kubwa kuliko za mashine yenyewe, plagi peke yake haisaidii kitu. Mota ile ilikufa, ila meno yake ya chuma ninayo bado, natafuta fundi anikerezee bodi.

Ya drili inatumika kila siku saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Jirani wa ukuta wa pili alishaniuliza, kaka hilo kabati haliishi tu?